Misuli Inayocheza, Kubana na Kupigapiga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ugonjwa wa Neva za Mwendo

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa wa neva za mwendo na jamaa wanaowauguza hapa Uganda huyarudia kila wanapopata mtu mwenye muda wa kuwasikiliza. Mengi niliyaandika katika daftari wakati nilipokuwa nikimuuguza kaka yangu mkubwa, na mengine nimeyapata kwa watu tuliokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki. Majibu hayawezi kuchukua nafasi ya tabibu aliyemwona na kumgusa mgonjwa, ila yatakusaidia kumweleza tabibu huyo kile unachokiona nyumbani. Tatizo la kwanza ni la lugha: neno moja, "kutetemeka", tunalitumia kwa mambo manne au matano ambayo chanzo chake ni tofauti na tiba yake ni tofauti. Kwa hiyo tunaanza kwa kuyatenganisha.

## Kuielewa mitetemo

1. Ugonjwa wa neva za mwendo ni nini, na kwa nini unafanya misuli icheze yenyewe?

Kila tendo la kukusudia, kuanzia kushika jembe hadi kumeza mate, hupitia neva za ngazi mbili. Neva za juu hutoka ubongoni na kushuka hadi kwenye shina la ubongo na uti wa mgongo. Neva za chini hulipokea agizo hapo na kulifikisha kwenye msuli wenyewe. Katika ugonjwa huu neva hizo hufa kidogo kidogo, na katika sura yake inayojulikana zaidi, ambayo madaktari huiita ALS, hufa za juu na za chini pamoja. Msuli uliokosa wa kuuagiza hulegea na kusinyaa.

Neva ya chini inayougua haifi kimya. Kabla ya kufa hushindwa kujizuia na kutoa cheche za umeme ambazo hakuna aliyeziagiza, na kila cheche hufanya nyuzi zote za msuli zinazoitegemea neva hiyo zijikunje kwa mara moja. Hapo ndipo unapoona ngozi ya paja au ya bega ikichezacheza kana kwamba kuna kitu kinatambaa chini yake. Idadi ya nyuzi hizo hutofautiana sana: katika misuli ya macho neva moja huhudumia nyuzi chache tu, ilhali katika shavu la mguu inaweza kuhudumia zaidi ya elfu moja. Isitoshe, neva iliyo hai bado huzichukua nyuzi zilizoachwa na jirani yake aliyekufa, na kwa hiyo inapotoa cheche, eneo linalocheza huwa pana zaidi na huonekana wazi zaidi.

2. Kuna mitetemo ya aina ngapi katika ugonjwa huu?

Ya kwanza ni kucheza kwa misuli, yaani ile niliyoieleza katika swali la 1, ambayo kwa lugha ya hospitali huitwa fasikulesheni. Huonekana chini ya ngozi, kwa kawaida haiumi, na mara nyingi haisogezi kiungo chochote.

Ya pili ni kubanwa na misuli: msuli mzima hujikaza ghafla na kuwa mgumu kama jiwe, na maumivu yake humfanya mtu mzima alie. Nayo hutoka kwenye neva za chini.

Ya tatu ni kupigapiga kwa kiungo, inayoitwa klonasi. Mguu, na wakati mwingine mkono au taya, hupiga kwa mfululizo na kwa mwendo ulio sawa, kama mguu wa fundi anayeendesha cherehani. Hii hutoka kwenye neva za juu, nayo huambatana na kukakamaa kwa misuli, kwa sababu uti wa mgongo umepoteza mkono wa juu uliokuwa ukiutuliza, na kila unapouvuta msuli, nao hujibu kwa kuvuta tena.

Ya nne ni mtetemo wa udhaifu. Msuli uliobaki na nyuzi chache hutetemeka unapobeba mzigo uliozidi uwezo wake, hata kama mzigo huo ni kikombe cha chai. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote manne kwa siku moja, na ndiyo maana dawa iliyomsaidia jirani yako huenda isimfae mtu wako hata kidogo.

3. Jicho langu limecheza wiki nzima na shavu la mguu pia. Je, nina ugonjwa huu?

Yaelekea huna. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba jicho likicheza kuna habari inakuja, na hiyo peke yake inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo la kawaida kwa watu wazima walio na afya. Uchovu, kukosa usingizi, wasiwasi, kahawa nyingi na mazoezi mazito hulisababisha. Daktari anapomshuku mtu kuwa na ugonjwa wa neva za mwendo, haanzi kwa kuhesabu mitetemo. Hutafuta udhaifu unaoongezeka na msuli unaosinyaa. Jiulize kama vifungo vya shati vimekuwa vigumu kufunga, kama kandambili inavuka mguuni bila wewe kujua, kama ulimi umekuwa mzito, kama nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Kama hakuna lolote kati ya hayo, kucheza kwa misuli peke yake si hukumu.

Nawaandikia kwa moyo wote vijana wanaokesha wakisoma simu na kujipima misuli kila saa: hofu yenyewe huichezesha misuli, na kadiri unavyoitazama ndivyo utakavyoiona.

4. Ni hali gani nyingine zinazoweza kufananishwa na ugonjwa huu?

Ni nyingi, na baadhi yake zinatibika, kwa hiyo zichunguzwe kwanza. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono na kumkondesha mtu. Upungufu wa kalsiamu au magnesiamu huchezesha na kukaza misuli. Mifupa ya shingo inayobana uti wa mgongo inaweza kudhoofisha mikono na wakati huo huo kuikakamaza miguu, yaani karibu picha ile ile ya ALS. Wagonjwa wachache wenye VVU wamewahi kupata hali inayofanana sana na ugonjwa huu, na baadhi yao walipata nafuu baada ya kuanza dawa za ARV. Kwa sababu hiyo kipimo cha VVU hakipaswi kuachwa kwa aibu.

Ndugu zetu waliotoka Kongo wanaijua konzo, inayotokana na kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Konzo hukakamaza miguu yote miwili na kuifanya ipigepige, lakini huja ghafla na baada ya hapo haisongi mbele, wakati ugonjwa wa neva za mwendo huanza polepole na hausimami. Ugonjwa wa Parkinson hutetemesha mkono uliotulia mapajani, na mtetemo hupungua mkono unapofanya kazi. Nao ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa, uliozitesa familia za Kitgum, Pader na Lamwo, ni wa aina ya kifafa na hauhusiani na haya tunayoyazungumza.

Kuna jambo moja ambalo halingoji kliniki ya wiki ijayo. Mtu aliyenyunyizia mimea dawa ya wadudu, au aliyeinywa, akianza kuchezacheza misuli mwili mzima huku akitokwa na mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho zikiwa ndogo kama tundu la sindano, amepata sumu. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni mkiwa mmejikinga mikono, na mkimbizeni hospitali mara moja.

5. Je, misuli ikicheza zaidi, ugonjwa unakwenda mbio zaidi?

Hapana. Kuna siku misuli hucheza kutwa nzima bila nguvu kupungua, na kuna miezi nguvu inapungua huku misuli ikiwa imetulia. Pima mwendo wa ugonjwa kwa yale mgonjwa anayoweza kuyafanya: kupanda ngazi, kumeza, kuongea, kulala chali bila kukosa pumzi. Kaka yangu alikuwa akihesabu mitetemo ya bega lake kila asubuhi na kuitabiria siku yake kwa hesabu hiyo, na ilituchukua muda mrefu kumwachisha desturi ambayo haikumpa chochote ila huzuni.

6. Je, unaambukiza? Unarithiwa? Amerogwa?

Hauambukizi kwa mate, kwa chakula wala kwa kulala chumba kimoja. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana jamaa wa damu aliyewahi kuugua, na wengine wote huupata bila historia yoyote katika ukoo. Kuhusu kurogwa, sina nia ya kumdharau mtu anayeuliza, kwa kuwa anapomwona mzee aliyekuwa akilima ekari mbili akishindwa kuinua kijiko, ni lazima atafute sababu. Ninachoomba ni kwamba utafutaji huo usile ng'ombe na shamba ambavyo familia itavihitaji kwa miaka ya uuguzi, na usimtenge jirani ambaye hana kosa.

## Kutafuta uchunguzi

7. Tuanzie wapi, na tubebe nini?

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, hasa cha daraja la nne ambako kwa kawaida kuna daktari, na muombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa kama vile Arua, Gulu au Mbarara, au hospitali ya taifa ya Mulago jijini Kampala. Madaktari bingwa wa neva ni wachache nchini na wengi wako Kampala, kwa hiyo jiandaeni kwa safari na kwa kusubiri. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutaja ugonjwa huu. Daktari huunganisha anachokiona mwilini, vipimo vya kuondoa magonjwa mengine, picha ya shingo inapowezekana, na kipimo cha umeme wa misuli.

Bebeni video. Misuli ina tabia ya kutulia mbele ya daktari na kuanza tena kwenye teksi ya kurudi nyumbani. Mrekodini mgonjwa kwa simu wakati misuli inacheza, wakati mguu unapigapiga na wakati anapobanwa usiku, kila tukio peke yake, na muandike saa, alichokuwa akifanya na ilivyochukua muda gani. Bebeni pia dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, zikiwa katika vifungashio vyake.

## Kuishi nayo nyumbani

8. Ni mambo gani yanayoichochea mitetemo?

Baridi, uchovu, wasiwasi, homa, kukosa usingizi na kukaa mkao mmoja kwa muda mrefu huchochea karibu aina zote. Kahawa na chai kali huongeza kucheza kwa misuli kwa baadhi ya watu. Si lazima kuziacha, ila jaribuni kuzipunguza kwa wiki mbili muone. Mairungi yaachwe kabisa, kwa kuwa huamsha neva, hukausha mwili na kumnyima mgonjwa usingizi.

Kukakamaa na kupigapiga kuna vichochezi vyake ambavyo watu wengi hawavifikirii: kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda cha mgandamizo kilichofichika chini ya makalio, ukucha uliozama nyamani, nguo inayobana. Mguu uliokuwa umetulia mwezi mzima ukianza ghafla kupigapiga kila mara, mfunueni mgonjwa na mkague mwili wake kabla ya kuomba dozi iongezwe.

Jambo lingine ni maji. Wagonjwa wengi hujinyima maji kwa makusudi ili wasiwasumbue watu kuwapeleka chooni, hasa pale choo kilipo nje ya nyumba na usiku una matope. Mwili uliokauka hubanwa misuli zaidi na kupata choo kigumu, na choo kigumu huongeza kukakamaa. Wekeni ndoo yenye mfuniko au chupa ya mkojo chumbani na mmwambie wazi kwamba si usumbufu. Mgonjwa anahitaji kulisikia neno hilo zaidi ya mara moja.

9. Mama hubanwa na shavu la mguu kila usiku na hulia. Tufanye nini wakati ule ule?

Nyosheni msuli uliobana. Kwa shavu la mguu, shika kisigino kwa mkono mmoja, weka kiganja kingine chini ya nyayo, kisha sukuma vidole polepole kuelekea kwenye goti huku goti likiwa limenyooka. Usivute kwa ghafla. Shikilia hapo hadi uhisi msuli unalegea, halafu ukande taratibu kwa mafuta ya kawaida ya kupaka.

Joto husaidia: taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kitenge. Jaribu joto hilo kwanza kwenye mkono wako kwa dakika nzima. Ugonjwa huu kwa kawaida haumwondolei mtu hisia za ngozi, hivyo atausikia moto. Shida ni kwamba hawezi kuuondoa mguu, na kama amepoteza sauti hawezi hata kupiga kelele.

Ili kuzuia, fanyeni zoezi hilo la kunyoosha kabla ya kulala, msimfunike kwa blanketi zito linalosukuma vidole vya miguu kuelekea chini, na mmpe maji ya kutosha mchana. Kama bado anabanwa mara nyingi, tazama swali la 14.

10. Mguu ukianza kupigapiga kwenye kiti hausimami. Unasimamishwaje?

Klonasi huanza pale sehemu ya mbele ya nyayo inapobonyezwa na kisigino kikiwa hewani. Kwa hiyo shusheni kisigino kiguse sakafu au kibao cha kiti cha magurudumu, kisha mlezi aweke kiganja juu ya goti na kubonyeza kuelekea chini kwa uzito uliotulia. Kama haitoshi, uinueni mguu mzima usiguse kitu, muusubiri utulie, ndipo muurudishe kwa kuanzia kisigino. Msiung'ang'anie kwa nguvu, kwa sababu msuli uliokakamaa hujibu nguvu kwa nguvu na mnaweza kumuumiza.

Boda boda inahitaji onyo la peke yake. Abiria huweka sehemu ya mbele ya nyayo kwenye chuma cha kukanyagia, na kila shimo la barabara huubonyeza mguu huo, jambo ambalo ndilo hasa linaloanzisha kupigapiga. Mguu ukiruka kutoka kwenye chuma unaweza kuingia kwenye gurudumu au kugusa ekzosi. Mgonjwa mwenye klonasi asipande boda boda, hata akishikiliwa na mtu nyuma yake. Gari la kukodi ni ghali, lakini ziara mbili zikiunganishwa kuwa moja hulipunguza gharama hilo.

11. Mkono unatetemeka anapokula na anamwaga kila kitu. Kuna njia?

Hapa mara nyingi tunashughulika na mtetemo wa udhaifu, kwa hiyo dawa yake ni kupunguza mzigo. Kiwiko kiegemezwe mezani, na meza iinuliwe kwa matofali ifike karibu na kifua ili mkono usafiri umbali mfupi. Kikombe kiwe chepesi, cha plastiki, chenye mikono miwili, na kijazwe nusu. Mpini wa kijiko uzungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli hadi uwe mnene, kwa kuwa kitu kinene hushikika kwa nguvu ndogo.

Msikubali ushauri wa kununua vijiko vizito. Vijiko hivyo huwasaidia baadhi ya watu wenye mitetemo ya aina nyingine, lakini mgonjwa wa neva za mwendo vinamchosha tu, na mkono uliochoka hutetemeka zaidi. Matoke laini na posho, yaani ugali, ya kumega kwa mkono humfaa mtu ambaye kijiko kimeanza kumshinda. Kama anakohoa anapomeza au sauti yake inakuwa kama ya majimaji baada ya kunywa, suala limeshahama kutoka mkononi kwenda kooni, na ni lazima aonwe na tabibu kabla hajapaliwa.

12. Taya lake hugongana na anajing'ata ulimi. Ni baridi?

Inaweza kuwa baridi, lakini taya nalo hupata klonasi kama mguu. Mara nyingi huanza anapopiga miayo, anapopigwa na upepo au mswaki unapoingia kinywani ghafla. Mwambie kabla ya kumsafisha meno, tumia maji ya uvuguvugu, na utie kiganja chini ya kidevu kukipa mahali pa kutulia. Usimwekee kidole wala kijiko katikati ya meno.

13. Mazoezi yanafaa, au yanaharibu misuli iliyobaki?

Mazoezi ya kunyoosha viungo kila siku, kwa upole na bila kufikia maumivu, hupunguza kubanwa na huzuia viungo visigande. Mtaalamu wa fisiotherapia, yaani tiba ya viungo, wa hospitali ya wilaya anaweza kumfundisha mlezi mpangilio mzima kwa ziara moja au mbili. Kinachodhuru ni kumlazimisha anyanyue uzito kwa imani kwamba msuli "umelala" na unahitaji kuamshwa. Kipimo ni rahisi: kama uchovu au mitetemo ya zoezi la leo bado ipo kesho asubuhi, zoezi lilikuwa kubwa mno.

## Dawa

14. Kuna dawa ya kuikomesha mitetemo hii?

Kucheza kwa misuli kusikouma kwa kawaida hakupewi dawa, kwa kuwa hakumdhuru mgonjwa na kila dawa ina madhara yake. Dawa huelekezwa kwenye maumivu ya kubanwa na kwenye kukakamaa.

Kwa kubanwa, mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2016 unaitaja kwinini kuwa ya kwanza kufikiriwa (soma swali la 15 kabla ya kufanya lolote), na majaribio yameonyesha kwamba meksiletini, dawa ambayo asili yake ni ya kutibu moyo, hupunguza idadi ya mibano, ingawa si rahisi kuipata na moyo hupimwa kwanza. Kwa kukakamaa hutumika baklofeni, tizanidini au gabapentini. Baklofeni huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, kwa sababu kuna wagonjwa ambao ukakamavu wa mguu ndio unaowasimamisha. Ukiuondoa wote, mguu unakunjika na mtu anaanguka. Isikatishwe ghafla hata mara moja, kwani kukatishwa ghafla kunaweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwepo. Nunueni dozi inayofuata kabla ya iliyopo kwisha, hasa mkiishi mbali na mji.

Riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi kidogo na huongeza miezi ya maisha. Haitulizi mitetemo, na mtu asiione kuwa imeshindwa kwa sababu misuli bado inacheza.

15. Tuna kwinini ya malaria iliyobaki nyumbani. Tumpe?

Msimpe. Kwinini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kushusha sukari na chembe za kugandisha damu, na kufanya masikio yavume. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya waziwazi dhidi ya kuitumia kwa mibano ya kawaida ya miguu. Daktari anaweza kuamua kwamba kwa mgonjwa huyu faida inazidi hatari, lakini uamuzi huo unahitaji kujua moyo wake ukoje na dawa nyingine anazotumia.

16. Na mitishamba, sindano za vitamini, au vidonge vya usingizi?

Kukandwa kwa mafuta yenye mitishamba hakuna ubaya endapo ngozi haichomeki. Dawa ya kunywa isiyojulikana ina uzito wake kwenye ini na figo, na mgonjwa anayetumia riluzoli tayari anapaswa kupimwa ini mara kwa mara. Vitamini humsaidia aliye na upungufu. Kuhusu vidonge vya usingizi kama diazepamu, ninawasihi sana: hulegeza misuli yote, pamoja na ile ya kupumua, na mgonjwa ambaye kifua chake kimedhoofika anaweza asiamke. Atakayeamua ni tabibu anayejua hali ya pumzi yake.

17. Je, dawa nyingine zinaweza kuongeza kutetemeka?

Ndiyo. Salbutamoli ya pumu ni mfano unaokutana nao sana. Msiisimamishe wenyewe, mwambieni aliyeiandika.

## Hali zisizo za kawaida

18. Mzee anatetemeka mwili mzima jioni. Tuseme ni ugonjwa wake tu?

La, msiseme hivyo. Ugonjwa wa neva za mwendo haumtetemeshi mtu kwa baridi kali inayofuatwa na homa na jasho. Hiyo ni malaria hadi kipimo kikatae, au ni maambukizi ya kifua au ya mkojo, ambayo yote humpata kwa urahisi mtu asiyeweza kukohoa vizuri wala kukaa wima. Nimeona jamaa wema kabisa wakimfunika mgonjwa mablanketi kwa siku tatu kwa kuamini kwamba mtetemo ni ule ule wa zamani. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuwa na kipimo cha haraka cha malaria. Mwiteni siku hiyo hiyo.

Wanaoishi nyanda za baridi kama Kabale wajue pia kwamba mgonjwa aliyekonda hutetemeka kwa baridi ambayo wengine hawaisikii. Soksi, kofia na maji ya kuoga yaliyopashwa moto vinatosha kwa hilo, na kama hana homa hakuna haja ya dawa.

19. Misuli ya bega iliyocheza mwaka mzima imetulia kabisa. Amepona?

Natamani ningeweza kuandika ndiyo. Mara nyingi msuli hutulia kwa sababu neva zilizokuwa zikitoa cheche zimekwisha kufa, na utaona kwamba bega lenyewe limebonyea. Wakati mwingine ni kwamba mgonjwa amelala vizuri na hana wasiwasi, na hilo peke yake ni jema. Msiache dawa kwa sababu ya utulivu huo.

20. Ni lini tusingoje kesho?

Akikosa pumzi akiwa amelala chali, akiamka na kichwa kinachouma na kusinzia mchana, akipaliwa na kushindwa kurudisha pumzi, akipoteza fahamu wakati wa kutetemeka, au akipata homa pamoja na kukohoa. Akipoteza fahamu mlazeni kwa ubavu. Asipopoteza fahamu lakini anahema, mkalisheni wima.

21. Hospitali imesema hakuna tiba zaidi. Nani atatusaidia na maumivu?

Huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso hata kama ugonjwa hauponi, ipo, na Uganda ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, ina makao yake Makindye jijini Kampala na matawi Mbarara na Hoima, na wahudumu wake huwafuata wagonjwa hadi nyumbani. Tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini, dawa kali ya maumivu, na mofini ya maji hutengenezwa hapa hapa nchini. Kwa dozi ndogo inayosimamiwa, hutuliza maumivu ya kubanwa na pia ile hofu ya kukosa pumzi. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha huduma hii. Ulizeni mapema, msisubiri siku za mwisho.

22. Hawezi kuongea tena. Tutajuaje kwamba mtetemo unamuuma?

Kubanwa kusikosemwa huonekana usoni: paji la uso hukunjamana, pumzi huwa fupi, machozi hutoka. Lakini msikae mkikisia. Misuli ya macho ndiyo inayodumu kwa muda mrefu zaidi katika ugonjwa huu, na akili ya wagonjwa wengi hubaki timamu. Kubalianeni naye mapema, angali anaweza kuongea, kwamba kutazama juu ni ndiyo na kufumba macho ni hapana. Kisha muulizeni kwa mpangilio ule ule kila mara, mkigusa kiungo kimoja kimoja: "Ni mguu huu? Umebana? Ninyooshe? Nibadilishe mkao?" Sisi tuliandika maswali hayo kwa kalamu nene juu ya boksi lililokatwa na kulitundika juu ya kitanda, ili yeyote atakayekesha usiku huo, hata mtoto wa shule, aanze na swali la kwanza na asubiri macho yajibu.